Nyumba Zilizopanga Foleni

Mwaka ule karatasi ilipoadimika mjini, nilimwona bwana mmoja mwenye suruali ya tetroni na viatu vinavyong'aa akitoka duka la ushirika, Kariakoo, na sukari yake ndani ya kofia. Aliishika kofia kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba kuku anayetaka kutaga. Nyuma yake alitoka mama mwenye mchele kwenye ncha ya khanga, na nyuma ya huyo mama akatoka mpagazi aliyepimiwa unga kwenye sufuria ya mke wake. Mimi sukari yangu niliibeba ndani ya foronya. Wiki nzima nililalia mkono.

Dukani vitu vilikuwa vinakuja siku moja moja, lakini cha kufungia hakikuja kabisa. Gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima, likafungia maandazi, likarudi kusomwa tena na wale waliokosa ukurasa wa mpira. Kwa hiyo ukienda dukani bila chombo, ulirudi bila kitu, hata kama ulikuwa wa kwanza.

Na kuwa wa kwanza haikuwa kazi ndogo. Kuna foleni ya mafuta ya kula ninayoikumbuka ilianzia mlangoni pa duka, ikapinda kona tatu, na nasikia mkia wake ulikuwa Morogoro. Nani angesimama hapo tangu alfajiri wakati ana maharage jikoni na kazi kiwandani? Tuliweka vitu vitusimamie. Jiwe, kopo, tofali, ndala moja iliyokatika. Jiwe lako likiwa la saba, wewe ni wa saba, hata kama uko uani unakuna nazi. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyewahi kuiandika. Ila mawe yana tabia ya kufanana. Nimewaona wanaume wawili wameinama juu ya jiwe moja kama madaktari, kila mmoja anaapa kwamba analijua kwa sura.

Sasa nieleze tulivyoingia sisi.

Tulikuwa wanawake saba, wote wahitimu wa masomo ya jioni. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku zile nililisema mapema kila mahali, hata kwa muuza samaki. Tulianza tukijifunza kuandika majina yetu, tukamaliza tunajua hesabu za eneo, afya ya jamii na ushonaji. Cheti changu nilikitundika ukutani juu kuliko picha ya harusi, na mume wangu akaona afadhali anyamaze. Baada ya hapo tukaunda kikundi. Kata ikatuazima cherehani moja ya mguu, tukaiweka kwenye baraza la nyumba niliyopanga, na tukawa tunashona kaptula za shule kwa zamu. Cherehani haikuwa yetu. Kikundi kikikosa kazi, cherehani inarudi ofisini. Hilo tuliambiwa siku ya kwanza na tukalitia saini, saini saba nzuri.

Vitambaa viligawiwa na afisa biashara wa kata, bwana mrefu kutoka Kilimanjaro, msafi, mpole wa sauti, mwenye daftari gumu alilolifunga kwa mpira. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuandika. Kila mwisho wa mwezi aliandika majina ya vikundi vitakavyopata jora la kitambaa. Ukiandikwa, unapata jora. Usipoandikwa, unapata pole.

Kaki ilipokwisha mjini alituandikia bafta nyeupe, maana ndiyo iliyokuwepo. Tukafikiri: watu hawana vya kubebea. Tukashona mifuko yenye mikanda miwili ya kupitisha begani, mishono imara kiasi kwamba ungeweza kumbebea mtu mzima ndani yake. Tukaipanga barazani. Watu wakapita, wakaiangalia, wakaenda zao. Siku ya tatu nikamzuia jirani yangu mmoja, nikamuuliza ana tatizo gani na mfuko wangu.

"Sina tatizo na wewe, mwenzangu," akasema. "Lakini unataka nitembee Kariakoo nimening'iniza sanda begani?"

Wanawake saba wenye vyeti, tulikuwa tumeshona mifuko kwa kitambaa ambacho kila mtu mjini mara ya mwisho alikiona kikishuka kaburini. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Tulikuwa na kopo moja tu la rangi ya nguo, buluu nzito, na lisingetosha kuichovya mifuko yote. Lakini lingetosha kuchapa kitu juu yake. Kitu kikubwa cha kuifanya bafta isahau ilikotoka.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa Mzee wa studio. Ndivyo tulivyomwita mtaa mzima. Chumba chake cha mbele kilikuwa studio ya picha, na ingawa filamu na karatasi za kusafishia picha ziliadimika na wateja wakapotea, yeye kila siku saa mbili asubuhi alifungua mlango, akavaa tai, akaketi. Nilimpelekea chai siku moja, nikaangalia kuta zake kwa makini kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na bibi harusi hata mmoja. Zote zilikuwa picha za majengo. Ghorofa zenye roshani na maua ya plasta, mwaka wa kujengwa umechongwa juu kwenye paji la nyumba. Majengo ya matao kule upande wa bandari. Ngazi za Upanga zinazozunguka kama konokono. Alizipiga Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka, ili wasimharibie jengo. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake.

"Mzee, naiomba hii," nikasema, nikionyesha ghorofa la kona lenye roshani.

"Ya kuweka wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Wa kubebea vitu. Mchele. Dagaa."

Akaangalia kikombe cha chai kana kwamba ndicho kilichosema.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Mimi ukinikatalia mara moja unakuwa umenipa muda wa kujiandaa. Siku ya nne alikubali kwa sharti moja. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na alikuwa ameachiwa timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni ambao mafundi hupimia ukuta kama umesimama wima. Akautoa kwenye droo, akautundika mbele yangu. "Jengo langu likilala upande hata ukucha mmoja, sitaki mfuko wenu."

Tukafanya hivi. Aliweka filamu yake ya zamani kwenye mashine ya kukuzia picha, picha ikaangaza juu ya karatasi niliyobandika ukutani, nami nikafuata kivuli kwa penseli. Karatasi ile nikaigundisha juu ya picha ya eksirei. Eksirei zilitoka kwa mwenzetu mmoja wa kikundi, dada wa Kusini, mwenye ulimi kuliko sisi sote; dada yake alifagia hospitali, akaruhusiwa kuchukua zilizotupwa. Plastiki ile ni ngumu na haili maji. Nikakata kwa wembe kila palipokuwa na kivuli. Roshani ile ilikuwa na nguzo ndogondogo elfu tatu. Sawa, thelathini na kitu, lakini vidole vyangu vilihesabu elfu tatu. Ukiinua stensili hiyo, ile plastiki iliyotobolewa, kwenye mwanga, uliona ghorofa limesimama ndani ya mbavu za mtu.

"Mfuko wa dagaa, wewe unauwekea ghorofa," alisema dada wa Kusini. "Dagaa watapanda ngazi?"

"Watapanda," nikamwambia. "Shika hapo usitikise."

Tukagonga rangi kwa sponji la godoro, tukainua stensili, na jengo likawa limesimama kwenye bafta, roshani na yote. Mzee akaja na timazi yake, akaitundika juu ya mfuko, akafumba jicho moja. Akaukunja uzi wake. Akaondoka, nasi tukajua tumefaulu mtihani.

Mifuko arobaini ya kwanza ilikwisha kwa siku mbili. Hata waliosema sanda walirudi. Mtu aliyekaa chumba kimoja na watoto watano alitembea na ghorofa begani, na nadhani alitembea tofauti kidogo.

Ndipo sukari ilipokuja.

Watu wakafikiri, kama ambavyo ningefikiri mimi: kwa nini niweke jiwe wakati nina mfuko? Wakaweka jiwe ndani ya mfuko usipeperuke, wakauweka mfuko kwenye foleni, wakaenda kwenye shughuli zao. Saa nne muuza duka alipofungua mlango, watu wakatokea pande zote kuchukua nafasi zao, wakakuta mbele yao ghorofa arobaini. Ghorofa lile lile. Roshani ile ile, mara arobaini, kutoka mlangoni mpaka kona.

Sitaki kuongeza chumvi, lakini hata mechi ya watani wa jadi haijawahi kuwa na kelele zile. "Wangu wa tatu." "Wa tatu ndio wangu, angalia jiwe." "Jiwe lako lina nini?" "Lina rangi ya jiwe." Mpagazi mmoja akakaa juu ya mfuko wa kwanza akasema atakayeutaka amwinue. Muuza duka akafunga mlango. Na katikati ya hayo nikaona kichwa kirefu kinakuja juu ya vichwa vya wengine, na daftari gumu kwapani.

"Nani ameleta vitu hivi hapa?" aliuliza Afisa.

Wote wakaninyooshea kidole. Umoja ule sijawahi kuuona hata kwenye mkutano wa tawi.

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angefoka. Alifungua daftari, akaliangalia, akalifunga. "Ndugu," akasema, "mwisho wa mwezi naandika majina. Nikiandika kikundi chenu, niandike kinafanya nini?"

"Mifuko, Ndugu Afisa."

"Mifuko nimeiona. Na fujo nimeiona. Huko Jangwani kuna akina mama wanashona mashati ya shule. Hayo nayaelewa. Picha za maghorofa kwa watu wanaotafuta sukari, hizo ni anasa, siwezi kuziandika." Akaufunga mpira wa daftari. "Na ile cherehani muisafishe. Tutaihitaji."

Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki tatu mbele.

Tulikaa barazani mchana ule, saba kwa cherehani moja, na hakuna aliyeshona. Mmoja wetu alianza kuipaka mafuta, nikamwambia aache, hatuisafishii mtu. Kusema kweli nilikuwa nimeogopa. Miaka mitatu nilikuwa nimetembea jioni na daftari chini ya khanga ili niwe mtu wa kufanya kitu, na sasa kile kitu kilikuwa kinataka kurudi ofisini kwenye mkokoteni. Nikasema sirudishi. Nikalisema kwa sauti, ili hata mimi nilisikie.

"Basi tuweke alama," mwenzetu mmoja akasema. "Namba."

"Namba zitagombewa," nikasema. "Kila mtu atataka moja."

Dada wa Kusini alikuwa anaangalia barabarani. "Mlevi wa nyumba ya pembeni," akasema, "jana nimemwona hata jina lake halijui. Lakini alifika mlangoni kwake, akaingia. Kila mtu nyumba yake anaijua."

Nikasimama. Nilikwenda moja kwa moja studio hata viatu nikasahau.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniambia jengo langu limeleta ugomvi. Nimesikia."

"Nimekuja kuomba majengo mengine. Ya mtaa huu. Kila nyumba na mfuko wake."

Akacheka kidogo, kwa upole. Akanieleza, kama mwalimu, kwamba hizi si majengo. Hizi ni nyumba za miti na udongo, zimepakwa chokaa, zimeezekwa bati na madebe yaliyonyooshwa. Chini, chini, zote sawa. Mlango katikati, dirisha huku, dirisha huku, baraza mbele. Hazina cha kupigia picha.

Dada wa Kusini alikuwa amenifuata. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Mzee," akasema, "mimi nimekaa mbele ya mlango wako miaka kumi na mmoja nikiuza mihogo. Kila Jumapili unanipita na kamera, umeangalia juu. Kwenye kuta zako hizi nimeitafuta nyumba yangu, haimo. Ningekuwa na roshani ungenisalimia?"

Nilitaka kumvuta dada wa Kusini kwa khanga, kisha nikaona nisimvute. Mzee aliangalia kuta zake, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka hapo. Halafu akasema studio imefungwa kwa leo, nasi tukatoka.

Kesho yake asubuhi alitukuta barazani. Alivaa tai. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, akalifungua, akatoa filamu moja iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa ya picha kumi na mbili. Aliificha kwa zaidi ya mwaka, akatuambia, kwa ajili ya paa la soko jipya, lile la zege lenye miamvuli mikubwa iliyogeuzwa juu kukinga maji ya mvua. Tayari alikuwa ameruhusiwa kupanda ghorofa la jirani ili alipige kutoka juu. Alichokuwa akingoja ni siku yenye mawingu mazuri. Filamu nyingine hakuwa nayo, na hakuna aliyejua ingekuja lini.

"Kumi na mbili," akasema. "Si kumi na tatu. Chagueni nyumba."

Nikamuuliza, "Na soko, mzee?"

"Chagueni nyumba kabla sijabadili mawazo."

Jumapili ile mtaa ulikuwa haujawahi kufagiliwa vile tangu Mjerumani. Watu walipaka chokaa. Kuna aliyepaka rangi mlango mmoja tu, ule utakaoonekana. Mzee alikwenda nyumba hadi nyumba, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akafukuza watu waliovaa nguo za sikukuu waliojipanga mbele. "Nyumba tu," alisema. "Nyumba tu, tafadhali, ondokeni." Na alipoinama nyuma ya kamera nilimsikia akinung'unika mwenyewe. Hii dirisha lake lina nondo za jua linalochomoza. Hii baraza lake limeliwa upande mmoja, limebaki kama jino. Hii ina debe moja paani lililoandikwa mafuta. Nilinyamaza kimya kabisa, jambo ambalo waulizeni wote wanaonijua, lilitokea siku hiyo tu.

Nyumba ya saba ilikuwa ya bibi mmoja mfupi aliyeketi barazani kwake na kikapu cha kusuka ukili.

"Bibi, shikamoo. Naomba usogee kidogo," akasema Mzee.

"Marahaba. Nisogee niende wapi?"

"Napiga nyumba."

"Basi piga."

"Bila wewe, bibi."

"Nyumba hii imejengwa na marehemu mume wangu na mimi nikikanda udongo kwa miguu," akasema bibi, hakuacha kusuka. "Ukiitaka bila mimi, kapige ya kwako."

Mzee akakaa ameinama nyuma ya kamera muda mrefu kuliko kwenye nyumba nyingine zote. Kisha tukasikia kamera ikilia. Aliipiga nyumba pamoja na bibi mwenyewe.

Kazi ilikuwa baadaye. Stensili kumi na mbili kwa wiki mbili, wanawake saba, nyembe zilizotumika mpaka zikawa butu kama vijiko. Tulikata mbavu, mabega, fuvu moja lililotutazama mpaka tulipolitoboa madirisha. Nilikata mimi ile ya bibi kwa sababu vidole vyake na ukili vilikuwa vidogo mno. Na hapo katikati tukagundua kwamba kila nyumba ina vyumba sita na familia sita, na wote watakuwa na nyumba moja kwenye mfuko. Nilikaribia kulia. Kisha nikachukua sindano na uzi mwekundu, nikashona mshono mmoja kwenye dirisha langu. Wa chumba cha mbele kushoto, dirisha la kushoto. Wa kulia, la kulia. Wa vyumba vya nyuma tuliwashonea kizingiti, au ncha ya paa, au mguu wa baraza, kila mtu alichagua mahali pake, na walichagua kwa makini kana kwamba wanahamia leo. Rangi tuliichemsha na chumvi ili ishike. Nilisema itashika. Sikuwa na hakika.

Sukari ilikuja siku mbili kabla ya Afisa kuandika.

Nilifika dukani saa moja asubuhi na mfuko wangu, jiwe ndani. Mmoja baada ya mwingine wakaja, wakaweka yao. Baadhi ya mifuko ya ghorofa la zamani ilikuwepo pia, tumeishonea alama zake nyekundu kwenye roshani. Ilipofika saa tatu, kando ya ukuta wa duka ulikuwepo mtaa mzima mdogo, nyumba hadi nyumba, na bibi mmoja mdogo wa buluu anasuka ukili nafasi ya tano.

Afisa alikuja saa tatu na nusu. Tulijua angekuja, siku ya sukari alikuja daima. Akasimama mbali, daftari kwapani. Mimi nilisimama karibu yake kwa makusudi, nikamwamkia.

Ndipo mvua ikaja. Zile za Dar zisizosema hodi, ambazo kwa dakika kumi Jangwani tayari inakuwa ziwa. Watu wakakimbilia chini ya mapaa pande zote mbili za barabara, hata Afisa, hata mimi. Mifuko ikabaki nje peke yake. Nyumba zetu zote ziko kwenye mvua na sisi tuko kwenye mapaa ya wengine. Sikuiangalia sukari wala Afisa. Niliangalia rangi. Nikatoka kwenye mvua, nikainama kwenye mfuko wa bibi, nikausugua kwa kidole gumba, nguvu, kwenye uso wake. Kidole kikatoka bila buluu hata chembe. Nikarudi nimelowa chapachapa.

Mvua ikakatika kama ilivyokuja. Muuza duka akafungua mlango. Na watu wakavuka barabara, bila haraka, wanapangusa nyuso, kila mtu akaenda akasimama nyuma ya nyumba yake. Aliyekuwa na dirisha jekundu la kulia alisimama hapo. Aliyekuwa na kizingiti alisimama hapo. Yule mpagazi aliyekalia mfuko siku ile aliitafuta nyumba yake, akaipata ya kumi na moja, akasimama wa kumi na moja, akasema tu, "Bati langu limetota." Hakuna sauti nyingine niliyoisikia isipokuwa mzani.

Afisa aliitazama foleni ile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mtu na alikuwa na mke na chai nyumbani, akaingia mwishoni. Zamu yake ilipofika, muuza duka akapima, akashika sukari kwenye mzani, akamngoja.

"Sina cha kufungia, Ndugu," akasema muuza duka.

Afisa akapapasa mifuko ya suruali. Akalitazama daftari.

"Ndugu Afisa," dada wa Kusini akasema kutoka baraza la duka, taratibu, "sukari haiandikwi. Inabebwa."

Watu wakacheka, naye akacheka, wa mwisho kuanza na wa mwisho kunyamaza. Nikamimina sukari yangu kwenye ncha ya khanga, nikampa mfuko wangu. Alipokwisha kumiminiwa, akauweka chini, akafungua mpira wa daftari, akaniuliza jina la kikundi, nikalitaja, akaandika. Akaniuliza kinafanya nini.

"Andika mifuko ya foleni," nikamwambia.

Akaandika hivyo hivyo. Nilichungulia, maana kusoma najua. Kisha akageuka kwa Mzee wa studio, aliyekuwa amesimama na tai iliyolowa. "Mimi nimepanga Upanga, ghorofa ya pili, dirisha la—"

"Filamu imekwisha," akasema Mzee.

Cherehani ilibaki. Jora lilikuja, bafta tena, wala hatukulalamika. Mfuko wa kwanza tulioutoa kwenye jora lile sikuuza. Alasiri tatu nilikaa sokoni juu ya kreti la nyanya na penseli, nikachora lile paa la miamvuli kwa macho yangu, nikitumia hesabu zote za eneo nilizofundishwa na nyingine za kwangu. Nikakata, nikachapa, nikampelekea.

Akautundika ukutani, mahali palipokuwa wazi katikati ya picha zake. Akatoa timazi. Akafumba jicho moja.

"Limepinda," akasema.

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili. Kushoto." Akasogea karibu. "Na hawa wa chini ni nani?"

"Wapagazi, mzee. Nilijaribu kuwaacha, soko likawa halijai."

Akaendelea kuangalia. Nikamwambia nitaurudia, nitakata upya, nipe siku mbili. Alikuwa tayari ameuteremsha kutoka ukutani. Akarudisha timazi kwenye droo, akavaa koti, akaupitisha mkanda begani juu ya tai, akatoka kwenda kununua dagaa.